Mikato Niliyoiacha Wazi

Waberi, Garissa

Mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya mtu aliyepiga magoti. Naomba barua hii ikukute barazani, mguu umeunyosha kama daktari alivyokuelekeza, si jikoni umeukunja kwa sababu Saumu amechelewa kurudi. Rehema wangu hajambo? Lile jino lililokuwa likitikisika limeshatoka? Mwambie mama yake ameuliza jino kabla ya kuuliza shule. Mimi nipo, Mama. Nikisema mzima nitakuwa nimekimbia, kwa hiyo kwanza tuishie hapo, kwamba nipo.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu imetuharibu. Nikipiga unasema "sisi hatujambo, wewe je?" nami najibu "sijambo," kisha mtandao unakatika na kila mtu anabaki na lake. Mwalimu Tsuma, jirani yangu anayefundisha hapa, anakuja pwani likizo na amekubali kuibeba hii. Saumu mdogo wangu, najua wewe ndiye utakayemsomea Mama. Soma taratibu, usiruke.

Huku ni joto tu. Mvua ilitangazwa, ikapita ikaenda zake. Umeme nao unakatika tunapouhitaji, jenereta inanguruma nyuma ya duka mpaka kichwa kinaniuma, na nikirudi chumbani nakuta godoro lina moto kama limeanikwa juani. Nimechoka, Mama. Si uchovu wa siku moja. Ni ule unaoamka nao.

Nataka nikueleze jambo lililonipata, lakini lazima kwanza uijue kazi yangu, maana mara zote nilizojaribu kukueleza nilishindwa, nawe ukawaambia majirani kwamba napiga picha. Sipigi picha. Anayepiga ni Abdinoor, kijana wa hapahapa Waberi. Mimi nakaa mbele ya kompyuta, naichukua ile video aliyoileta, naikata na kuiunga. Harusi ya siku nzima inatoka ya saa moja, wala hutamwona bibi harusi akipiga miayo. Mwenye studio ni Bi Fardosa, mwanamke wa makamo, mkali wa kazi na mwepesi wa kukaribisha chai. Yeye ndiye aliyenipa kazi nilipoachika, nilipokuja huku sijui mtu.

Sasa, mtu akizungumza mbele ya kamera, ukitoa kipande cha katikati ukaunganisha huku na huku, kichwa chake kitaruka. Alikuwa akitazama kulia, ghafla anatazama kushoto. Shali ilikuwa begani, ghafla iko kichwani. Sisi tunauita mkato wa kuruka. Vijana wanaoweka video zao kwenye simu wanafanya hivyo makusudi, wanasema inachangamsha. Wazee wa kazi wanasema ni uzembe, kwamba fundi mzuri angefunika pale kwa picha nyingine, mikono au mbuzi au birika motoni, mtazamaji asijue kama palikatwa. Watu hugombana kwa jambo hilo, Mama, usicheke. Mimi limenigharimu kiti changu.

Ilianza kwa mtu anaitwa Yusuf. Yeye ni wa Kutulo, juu huko katika kaunti ya Mandera, lakini anaishi nchi ya baridi mbali sana, anaendesha lori, na watoto wake wamezaliwa hukohuko. Alimpigia Bi Fardosa, akasema anataka mama yake apigwe video akieleza maisha yake, ili wajukuu wamjue. Akasisitiza, "Nataka kila kitu. Nataka iwe kama wamekaa naye mkekani."

Nilikwenda na Abdinoor. Bi Fardosa hunituma panapokuwa na mwanamke wa kurekodiwa, kwa sababu kuna maiki ndogo inayobanwa ndani ya nguo, na haiwezekani Abdinoor aingize mkono kwenye shali ya mama wa watu. Tulilala Wajir, na kutoka hapo tukaenda na msafara wa polisi. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Kutulo tukapokewa na Nasra, mjukuu wa yule bibi, msichana mwenye maneno machache anayekaa naye na kumchungia mbuzi.

Bibi mwenyewe anaitwa Habiba. Kila mtu anamwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, nami nikamwita hivyo. Mrefu, mwembamba, macho yake yanakupima. Kiswahili anakijua kidogo, cha sokoni, na p mara nyingi humtoka b; alikipata enzi akiuza maziwa ya ngamia Wajir.

Alizungumza vizuri, Mama! Kisomali changu ni cha kununulia nyama tu, lakini Abdinoor alikuwa akininong'oneza. Alieleza alivyohama akiwa bibi harusi, nyumba yao yote imefungwa juu ya ngamia mmoja. Akataja ngamia wake wa zamani kwa majina, na tabia ya kila mmoja, aliyekuwa mwizi wa chumvi na aliyekuwa akilia mwenzake akichinjwa. Lakini kila baada ya maneno machache mkono wake ulipanda kifuani, akasimama, akakohoa. Si kikohozi cha vumbi. Kile kilikuwa kinamkunja.

Abdinoor alitoka nje kubadilisha betri na kuwapiga mbuzi picha. Nikabaki na Ayeeyo ndani. Akakohoa tena, akajifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja upesi akakikalia. Lakini nilikuwa nimeshaona. Kilikuwa na damu.

Akanishika mkono, Mama, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Abaayo," akaniita. Maana yake dada. Ndivyo wanavyomwita mwanamke huku. "Hii usibeleke kwa Yusuf."

"Umekwenda hospitali, Ayeeyo?"

"Nimekunywa dawa."

"Dawa ya hospitali?"

"Dawa yote ni ya Mungu. Sikia. Yusuf akiona hii, ataacha kazi, atabanda ndege. Watoto yake ataachia nani? Wewe ndio unakata. Kata."

Nikamwambia mwanawe ana haki ya kujua. Akasema, "Mimi ndio nilimzaa. Najua haki yake." Kisha akaniambia niape. Hakuniachia mkono mpaka niliposema wallahi.

Tuliporudi Garissa nilikaa na ile video. Abdinoor alinitafsiria, na kila mkono wa Ayeeyo ulipoanza kupanda kifuani nilikata, nikaunga mbele alipoanza kusema tena. Abdinoor hakushangaa, wazee wote hukohoa, na kikohozi huondolewa. Nilipomaliza, Ayeeyo alikuwa anaruka kila mahali. Anasema neno, anaruka, anasema, anaruka.

Kufunika ingekuwa kazi ndogo. Mbuzi walikuwapo, mikono ikisokota kamba ilikuwapo. Niliweka mbuzi juu ya mkato wa kwanza, nikatazama. Palilainika kabisa. Yusuf angetazama mpaka azeeke asijue kwamba mahali pale mama yake alitema damu. Nikawatoa wale mbuzi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa nimechoka, hilo ni kweli, na jenereta ilikuwa imeanza kukohoa nayo. Lakini sikuwatoa kwa uchovu. Nilikuwa nimeapa kukata, nikakata. Sikuapa kupaka rangi juu yake. Basi nikaiacha mikato yote wazi, tukaituma.

Jibu lilikuja kwa sauti. Bi Fardosa alituita ofisini, akaweka simu mezani. Yusuf alikuwa akizungumza Kiswahili safi cha mtu aliyesoma shule za hapa, lakini sauti ilikuwa ikimtetemeka.

"Huyu ni mama yangu au ni tangazo la sabuni? Anarukaruka kama mtu anayepigwa na umeme. Nani alikaa akamkatakata mama yangu hivi? Niliomba kila kitu. Kama hii ni kazi yenu, semeni, nijue nimewapa wazembe."

Bi Fardosa akaizima. Abdinoor akawahi kunitetea.

"Bosi, hii ni staili. Siku hizi kila mtu anakata hivi. Huko ng'ambo ndiko ilikotoka!"

"Staili ni ya mtu anayeuza viatu kwenye simu," Bi Fardosa akasema. "Mama mzee unamrusha vipi? Na mbuzi mliopiga wako wapi? Kwa nini hamkufunika?" Akanigeukia. "Mwanasha, wewe ndiye ulikaa kwenye kiti. Mteja anangoja jibu moja. Ni mtindo au ni uzembe?"

Mama, kama ningesema ni mtindo angeniuliza mtindo gani, na kwa nini hapa na si pale, na mwisho wake angetaka kuona nilichokitoa. Nilikiona kile kitambaa mbele ya macho yangu. Nikasema, "Ni uzembe, Bi Fardosa. Nilikuwa nimechoka."

Alinitazama kitambo. Nadhani alitaka niseme kingine. Kisha akasema Abdinoor airudie upya, nami niende mbele, kwenye upande wa kupiga watu picha za kitambulisho na kutoa nakala. Kiti changu amekikalia Abdinoor mpaka leo. Hilo ndilo ambalo sikukwambia kwenye simu. Tangu wakati huo nawakalisha watu mbele ya kitambaa cheupe na kuwaambia wainue kidevu. Ndiyo sababu ninachotuma kimepungua; si kwamba vitu vimepanda bei, kama nilivyomwambia Saumu.

Abdinoor alinikasirikia. "Si ungesema ni staili tu, maze! Tungebishana yaishe." Akavaa vile visikizio vya masikioni, akaanza kuipitia video ghafi tangu mwanzo.

Nilisahau jambo moja. Wakati Ayeeyo aliponishika mkono, ile maiki ilikuwa bado kwenye nguo yake, ikituma sauti kwenye kamera iliyokuwa nje kwa mbuzi.

Nilikuwa nampiga mzee mmoja picha niliposikia kiti cha Abdinoor kikiburutwa. Nikageuka. Amevua visikizio, vinaning'inia shingoni, na uso wake umebadilika. Alingoja mpaka yule mzee akaondoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliapa."

"Nimesikia ulivyoapa." Akakaa juu ya sanduku la karatasi. "Abaayo, yule mama anatema damu. Hiyo ni kifua. Na Nasra analala naye nyumba moja."

"Najua."

"Kiapo kina kafara. Funga siku tatu, useme."

"Kiapo kina kafara. Mwanamke aliyenishika mkono hana."

"Na akifa? Yusuf akirudi kuzika, utamwonyesha nini, wale mbuzi?"

Tukakubaliana kwamba nimpigie kwanza Ayeeyo mwenyewe, nimwombe aniachilie. Nasra ndiye aliyepokea. Nikamwuliza nyanya yake anaendeleaje, akasema "mzuri," kwa sauti ya mtu anayezungumza huku ametazamwa. Akampa simu.

Nilimbembeleza, Mama, kama ninavyokubembeleza wewe kuhusu mguu. Nikamwambia kuna dawa, zinatolewa bure, watu wanapona. Nikamtajia Nasra, kwamba na yeye yumo hatarini. Kisha akasema, "Nasra nitamweka kwa shangazi yake. Wewe ukisema, sina radhi na wewe," akakata simu. Nikabaki nimesimama na simu sikioni. Radhi ya mama wa mwingine, lakini ilinichoma kama yako.

Abdinoor akasema yeye hakuapa. Nikamwambia kama ni hivyo, afanye anavyoona. Hakufanya. Alizunguka siku kadhaa hasemi na mtu, na ile kazi ya kurudia akawa anasema kompyuta ina matatizo. Nilimwona mara mbili akishika simu na kuirudisha mfukoni.

Kisha Yusuf akanipigia mimi. Namba yangu sijui aliipata wapi. Nadhani ni kwa Bi Fardosa. Ilikuwa baada ya adhuhuri, duka tupu, barabara nzima imelala kwa jua. Abdinoor alikuwa amekaa mlangoni. Nilipotaja jina la anayepiga, akasimama.

"Dada," Yusuf akasema, "nakuomba radhi kwa yale maneno. Nilikuwa na hasira."

"Si kitu. Una haki."

"Nimeambiwa ulisema ni uzembe."

"Ndiyo."

"Mimi ni dereva. Huku napanda milima ya barafu kutwa, sina mtu wa kuzungumza naye, na nikisimama kupumzika naitazama ile video. Nimeitazama mpaka naijua kwa moyo. Unajua nimeona nini?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mzembe hukosea popote. Wewe unakosea mahali pamoja tu. Mkono wa mama ukianza kupanda kifuani, unakata. Kila mara, dada. Ukianza kupanda tu, unakata."

Mama, nilikuwa nimeegemea ile mashine ya nakala. Ningeweza kumwambia amekosea. Neno moja tu la uongo, na mimi uongo mmoja nilikuwa nimeshausema, wa pili haungekuwa mzito. Na ningeweza kumwambia kweli. Alikuwa akingoja, nami nikangoja. Nilisikia injini ya lori lake, au labda ni upepo wa huko. Abdinoor alikuwa amenikazia macho kutoka mlangoni.

"Hutaki kujibu?" akauliza.

"Mpigie mama yako," nikasema. "Usiulize kwa simu ya kawaida. Piga ya video, mwambie Nasra aishike, na usikate mpaka amalize kuzungumza."

Akavuta pumzi. "Basi umeshanijibu," akasema. Hakuaga.

Sijui kama nilikivunja kiapo changu, Mama. Nimemwuliza sheikh wa msikiti wetu bila kutaja majina, naye akanipa jibu refu ambalo lilinituliza mpaka nilipofika nyumbani tu. Nilizifunga zile siku tatu. Kama hazikuwa deni, basi ziwe sunna.

Yusuf alikuja. Hakumngoja mtu kumshauri. Watoto aliwaacha na mama yao, kazi sijui aliaga vipi, akatua Nairobi, akapanda mpaka Kutulo. Ayeeyo aligoma kuingia garini. Nasra ndiye aliyemshawishi, kwa kulia tu. Wakapita Wajir, wakapewa barua ya kuletwa hospitali ya hapa Garissa. Kweli ni kifua kikuu, kimekaa sana, lakini daktari amesema kinatibika akimeza dawa bila kuruka. Nasra alipimwa, naye ameanzishwa dawa mapema. Mimi na Abdinoor tulipimwa pia kwa kuwa tulikaa naye, na tuko salama. Nimekwambia baada ya majibu kutoka, usishtuke.

Yusuf alifika dukani. Ni mtu mnene, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akanywa chai na Bi Fardosa, akamweleza yote, akasema hana lalamiko tena. Mimi nilikuwa upande wa mbele nampanga mtoto wa shule mbele ya kitambaa cheupe. Nilidhani Bi Fardosa ataniita anirudishie kiti. Aliniita kweli.

"Mwanasha," akasema, "uzembe ningeusamehe. Kila mtu huchoka. Lakini nilikuuliza usoni, ukanidanganya usoni. Sasa nikikuuliza kesho kazi iko tayari, nitajuaje?"

Nikamwambia niliapa. Akasema, "Ungesema umeapa. Neno hilo mimi nalielewa, ningenyamaza." Na ni kweli, Mama, angenyamaza. Sikulifikiria. Kwa hiyo bado nipo mbele kwenye kuinua watu kidevu, na sijui mpaka lini. Hanichukii. Jana amenitumia nyama ya nyirinyiri, ile ya kukaushwa na kukaangwa, kwenye kikopo. Lakini kiti hajanirudishia.

Nilikwenda hospitali kumwona Ayeeyo, nimefunga barakoa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya talaka yangu. Yusuf alikuwa kando ya kitanda. Ayeeyo alinitazama tangu mlangoni mpaka nikafika. Kisha akamwambia mwanawe kwa Kisomali amwonyeshe ile video. Kumbe hakuwahi kuiona.

Aliitazama yote kwenye simu, ameishika mbali na uso. Pale anaporuka akawa anagonga kioo kwa kidole. Mwisho akasema, "Hii kazi ni mbaya."

"Ni mbaya, Ayeeyo."

"Mbuzi yangu walikuwa wamejaa hapo nje. Hukuweza kufunika na mbuzi?"

"Niliweza."

Akamrudishia mwanawe simu. Yusuf akatazama sakafu.

"Nilikwambia kata," Ayeeyo akasema, "na umekata. Lakini wewe ni kama bunda anabeba maji. Maji amebeba kweli, na yote anamwaga njiani." Nikaelewa kwamba anamaanisha punda, na kwamba punda ndiye mimi. Yusuf akacheka kwanza, kisha Ayeeyo mwenyewe akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Safari hii hakukificha. Yusuf alimshika mgongo, akamngoja.

Sikumwomba radhi, naye hakusema amenipa. Nilipoinuka kuondoka ndipo akaniuliza, "Mama yako iko wapi?"

"Pwani, Ayeeyo. Mbali."

"Anajua wewe uko namna gani?"

"Anajua sijambo."

"Aha," akasema. Akajifunika shali, akageukia ukuta. "Sawa. Nenda."

Nilitembea kwa miguu kurudi Waberi, jua lote lile, badala ya kutafuta tuk-tuk. Ndipo nikamfuata Mwalimu Tsuma kumwuliza anasafiri lini.

Basi ndivyo nilivyo, Mama. Nimeondolewa kwenye kazi niliyoijua, nimechoka, sijalala vizuri tangu mwezi ulioandama, na naogopa kurudi nyumbani nikiwa nimeshindwa. Lakini sijashindwa bado. Abdinoor ananiachia kompyuta yake wakati wa chakula nisisahau mikono, na Bi Fardosa anaona, ananyamaza.

Nisalimie Mjomba Kassim aliyenibebea sanduku mpaka kituo cha basi na hakutaka kugeuka. Shangazi Mwanatumu anayekuletea maji, mwambie Mungu amlipe. Mama Riziki, jirani yetu muuza mahamri, mwambie ya huku si kama yake. Rehema mbusu kwenye pengo la jino, na kama halijatoka, mbusu hapohapo.

Saumu, sasa ni zamu yako. Mama akianza kukutajia jibu la kuniandikia akasema "mwandikie hatujambo," usiandike bado. Weka kalamu chini, mngoje. Uniandikie atakachosema baada ya hapo.

Mwanao wa kwanza, aliye mbali na wewe kwa miguu tu,
Mwanasha